Mafiga Uani

Kila nikimenya kitunguu, kabla hata macho hayajaanza kuwasha, namwona kaka yangu akitokea nyuma ya zizi huku anatafuna. Alikuwa kidato cha tatu. Kitunguu kibichi kilikuwa cha kuua harufu ya sigara, na mimi mdogo wake ndiye niliyekuwa namng'olea shambani.

Kifua hakikuweza kufichwa. Akipandisha kilima na ndoo ya maji alisimama njiani kuhema, pumzi ikipiga mluzi kama ya mzee. Mama akampeleka hospitali Kiomboi. Daktari akasema kijana huyu akae mbali na moshi.

Kesho yake nilimkuta mama akiyatoa mafiga yake jikoni, bado yana joto, ameyashika kwa kitambaa, anayapanga uani penye upepo. Kisha akamwita kaka.

"Nisamehe, baba," akamwambia. "Kumbe ni moshi wangu uliokuharibu kifua."

Kaka alitazama chini. Nilikuwa karibu, nikasikia harufu ya kitunguu kinywani mwake. Mama akanigeukia akaniomba nimsaidie figa la tatu. Nikaenda nikalibeba.

Mpaka leo mama anapikia uani. Mvua ikinyesha hujifunika gunia, akaendelea kusonga ugali. Mgeni akimuuliza kwa nini asiingie jikoni, humjibu bila hata kugeuka:

"Mwanangu ana kifua."