Saruji Ndani ya Kompyuta ya Watoto

Saa tatu asubuhi, na kompyuta imezimika mara ya nne tangu Debra Ajwang afungue kibanda chake mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Haizimiki ikakaa. Skrini inakuwa nyeusi, feni inanyamaza, halafu inajiwasha yenyewe upya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Debra anaangalia saa ya simu. Dakika saba. Anaziandika kwenye daftari, anachukua bisibisi na kufungua kasha tena.

"Nyar Seme," anamwita Calvince, fundi wa redio wa kibanda cha pili, akimtaja kwa alikozaliwa. "Hiyo mashine yako inasinzia kama askari wa geti. Si uipe chai?"

Debra hacheki. Kompyuta hii ni mpya. Ameiunda yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, na inatakiwa shuleni Ijumaa.

Mzazi, soma haya mpaka mwisho hata kama hujawahi kugusa kompyuta. Mtoto wako huenda anaigusa leo.

Debra ana miaka thelathini na sita. Kabla ya ufundi alikuwa anauza samaki, mbuta, na mama yake soko la Otonglo. Kazi hii alijifunza kwa fundi mmoja wa mjini, ambaye kwanza alimpa fagio, baadaye kitambaa cha vumbi, na mwaka ulipoisha ndipo akampa bisibisi. Sasa ana miaka tisa akijitegemea. Wiki nzuri anapata shilingi elfu saba. Wiki mbaya hata elfu mbili hazifiki, na tumbo halijui wiki mbaya ni nini.

Shule anayosoma binti yake Jacinta, kando ya barabara ya Busia, ndiyo iliyompa kazi hii. Wazazi walichanga muhula mzima ili watoto wa sekondari msingi wapate kompyuta kumi na mbili. Mwalimu mkuu, Bwana Laban, alimwambia aunde moja kwanza. Ikikaa wiki moja bila shida, kumi na moja zilizobaki ni zake. Isipokaa, kazi inapelekwa kwa wengine. Akamuuliza pia kama kuna mwanamume anayemsimamia.

Ilikaa siku moja tu, akarudishiwa airekebishe kabla ya Ijumaa.

"Karani wa shule alisema ni virusi. Mlinzi akasema ni stima," anasema Debra. "Bwana Laban hakusema kitu. Hapo ndipo nilijua kazi inaenda kwa wengine."

Alianza na kilicho rahisi. Alichomoa vipande viwili vya memori, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akarudisha kimoja, kisha kingine. Ikazimika. Akafikiri ni joto: akatoa feni, akapangusa dawa ya kupoza, akapaka nyingine. Ikazimika. Akafuta kila kitu ndani na kuweka Windows upya, kazi ya nusu siku. Ikazimika.

Ila daftari lilikuwa limeanza kusema. Kompyuta ikiachwa na ukurasa mtupu wa kuandikia, inakaa hata saa mbili. Ikichezeshwa video, haimalizi dakika kumi.

"Ikilala ni nzima. Ikipewa kazi inaanguka," anasema. "Hapo mtu mwenye akili anajua ni chakula haipati."

Chakula cha kompyuta ni stima, na stima hiyo inagawanywa na kisanduku cha chuma ndani ya kasha, mafundi wanakiita pawa saplai. Debra alikuwa amekiruka. Hakukigusa kwa siku mbili, na sababu yake inamuumiza mpaka leo: alikichagua mwenyewe, kwa mkono.

Mafundi wa Kisumu wana desturi. Dukani hawasomi kibandiko, kwa maana kibandiko mtu yeyote anaweza kuchapisha. Wanainua. Pawa saplai nyepesi ni mbovu, ndani hakuna kitu. Nzito ina shaba na vyuma vya kupoza joto, hiyo ni nzima. Debra aliinua tatu kwenye kaunta ya Dishon, muuzaji wa vifaa vya kompyuta mjini, akachukua iliyolemea kiganja zaidi. Alilipa elfu moja mia nane.

Kwa hivyo akalaumu stima ya Nyalenda, ambayo kweli inapanda na kushuka. Jumatano alibeba kompyuta nzima hadi mjini kwa Hitesh, mwenye duka la vifaa vya stima aliloachiwa na baba yake. Hitesh ana mashine ya kutuliza stima, na anamjua Debra kwa miaka mingi. Alimpa soketi na kiti.

Dakika ya tisa ikazimika.

"Mama Jacinta, stima yangu haina makosa," Hitesh alimwambia, na akanyoosha mkono kusogeza kasha ili apitishe mteja. Akauondoa upesi. Akatazama vidole vyake, kisha akachukua kipimo cha stima na kukigusisha kwenye kasha. Taa ya kipimo ikawaka.

"Hili kasha linauma," alisema. "Hii ni ya nani?"

"Ya shule."

Hitesh alimwacha mteja wake. Alichomoa waya ukutani yeye mwenyewe.

Debra aliporudi kibandani aling'oa pawa saplai ile, akafunga nyingine kuukuu aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa zamani. Akachezesha video. Saa moja, saa mbili, mpaka jioni. Haikuzimika, na kasha halikuuma tena.

Hiyo mpya aliiacha mezani usiku mzima, maana pawa saplai huweka stima ndani hata ikichomolewa, na hakuruhusu mtu aiguse. Alhamisi asubuhi akakata muhuri na kufungua skrubu nne, Calvince akichungulia begani.

Ndani kulikuwa na bodi ndogo kama ya chaja ya simu. Waya wa ethi, ule unaopeleka stima iliyopotea ardhini isimpige mtu, ulikuwa umekatwa na ncha yake kuning'inia bure. Na pembeni, kimebandikwa kwa gundi, kulikuwa na kipande cha saruji ukubwa wa sabuni ya kuogea.

Saruji. Si bahati mbaya. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa akafikiri: hawa wananunua kwa kupima uzito mkononi, basi tuwape uzito. Akakoroga, akamimina, akabandika, akafunga.

Calvince alikikwaruza kwa kucha, akatazama vumbi la kijivu kidoleni.

"Nikiwa Otonglo, mbuta tulikuwa tunaifungua mdomo kwanza," anasema Debra. "Wauzaji wengine walikuwa wanashindilia mchanga. Samaki nilimfungua mdomo. Kisanduku cha kuweka karibu na mtoto nikakipima kwa kiganja."

Alikwenda kwa Dishon mchana huohuo, akaweka kisanduku kwenye kaunta kikiwa wazi. Dishon alikitazama, hakushtuka. Alisema muhuri umevunjwa, na kitu kilichovunjwa muhuri hakirudishwi.

"Ningeonaje saruji bila kuvunja muhuri?"

"Hiyo si shida yangu, madam. Mimi niliweka tatu hapa. Wewe ndiye uliinua moja moja kama mtu wa samaki. Nani alikuchagulia?"

Wateja wawili walicheka. Debra anasema hilo angelimeza. Asichoweza kumeza ni kilichofuata. Dishon aliteremsha sauti na kumpa bei ya chini kwa zile kumi na moja za shule.

"Watoto wataandika majina yao tu, hawachezi video," alimwambia. "Hazitazimika. Nimeuza arobaini za mzigo huu, shule na ofisi. Ni wewe peke yako umerudi."

Mzazi, rudia maneno hayo polepole. Yule mtu hakuwa amedanganya. Kompyuta ikipewa kazi ndogo haizimiki, na isipozimika hakuna anayeifungua. Inakaa darasani inapendeza, kasha lake lina stima, na mtoto amenawa mikono mlangoni hajaifuta. Ile iliyokuwa ikizimika ndiyo iliyotuonea huruma.

Na usiulize kama stima hiyo inaua. Debra hatii chumvi. Anasema ile iliyomgusa Hitesh ilikuwa ndogo, ya kusisimua kidole. Lakini waya ukichubuka ndani ya kisanduku kama kile, hakuna kitu chochote kati ya stima ya ukutani na mkono wa mtoto.

Ijumaa asubuhi kompyuta ilikuwa inafanya kazi, ina pawa saplai mpya nzima aliyoinunua kwa pesa yake ya chakula. Angeweza kuiwasha, kunyamaza na kupewa kazi. Bwana Laban mwenyewe alimshauri hivyo kabla ya mkutano wa wazazi kuanza. Alimwambia imepona, yatosha, wazazi wakisikia habari za saruji hawatachanga tena kitu.

"Mwalimu, binti yangu anakaa dawati la pili," Debra alimjibu.

Akasimama mbele ya wazazi na kuwaonyesha kile kisanduku. Hasira haikwenda kwa Dishon, ambaye hakuwepo. Ilikwenda kwa aliyekuwepo.

"Kwa hivyo ni wewe ulileta hii shuleni," alisema baba mmoja.

"Ni mimi."

"Ikakaa hapa siku nzima na watoto."

"Ilikaa. Nilidanganywa, lakini ni mimi."

Mama mmoja alilia kwa sauti. Mwingine akataka arudishe pesa zote hapo hapo. Debra aliwaeleza kwamba pawa saplai nzima inauzwa elfu nne na mia tano, na mchango uliopo hautatosha kompyuta kumi na mbili. Utatosha nane. Wakanung'unika kwamba ni mbinu ya fundi kujiongezea.

Ndipo Mama Nabututu, anayeuza mboga nje ya shule, akauliza kama atakubali wazazi wawili waende naye kununua na kila kisanduku kifunguliwe mbele yao. Debra akakubali, na muuzaji akikataa hawanunui. Kura ikapigwa kwa kuinua mikono. Kompyuta nane zilipita, kwa tofauti ya kura tano. Bwana Laban alitia sahihi, hakumpa mkono.

Kazi ameipata, lakini hana furaha nayo. Barua ya malalamiko ameipeleka kwenye ofisi inayohusika, akapigiwa muhuri wa kupokelewa, na hajasikia kitu. Hadi wiki hii visanduku vilevile viko kwenye kaunta ya Dishon, na vina kibandiko kipya.

Anachofikiria Debra ni zile zingine za mzigo ule. Hitesh amempa kipimo cha stima. Calvince, bila kuombwa, amesema atafunga kibanda chake siku za Jumatatu. Wanaanza na shule za Nyamasaria, halafu warudi upande huu, mlango kwa mlango, waombe kugusisha kipimo kwenye makasha. Hawatamtoza mtu kitu.

Shule ya kwanza wameshaipigia simu. Waliambiwa waandike barua, wasubiri bodi ikutane muhula ujao.

"Siandiki barua nyingine," anasema Debra, akifunga kipimo kwenye kitambaa. "Jumatatu niko kwenye geti lao. Wakinifukuza nitasimama nje saa kumi, watoto wakitoka, nimwambie kila mama anayekuja kuchukua wake."