Kidole cha Mpinzani

Juzi, kwenye kibanda tunapochajia simu hapa Kamina, nilikuta mama wawili wamekaa bega kwa bega, lakini wakibishana ndani ya grupe ya simu, ili kartiye, yaani mtaa wetu, nzima isikie. Mmoja ni mke wa askari, wa kule kambini. Mwingine mkulima, mtoto wa hapahapa. Swali: kisima kipya kichimbwe wapi?

Zamani grupe hiyo ilikuwa matusi matupu. Kisha katekista mzee anayeisimamia, mkaidi kuliko sisi sote, akaweka sheria: ukitaka kubisha, tuma sauti. Piga kwanza makofi ya heshima, kama Waluba tunavyosalimia wakubwa, rudia maneno ya mwenzako, ndipo ubishe. La sivyo, anaifuta.

Sasa, kurekodi kunataka kidole kibaki kimebonyeza, na makofi yanataka mikono miwili. Mkulima akamgeukia mpinzani wake.

“Mama, unifinyiye apa kidogo.”

Mke wa askari akabonyeza. Mwenzake akainama, akapiga makofi. “Mama wa kambi anasema kisima kikuwe kule, sababu banaenda mbali kuchota mayi na batoto ku mugongo. Njo vile. Lakini miye nakatala…”

“Nilisema ata bazee banachota,” mke wa askari akanong'ona, kidole hakijaondoka.

“Alisema ata bazee banachota,” akaongeza mkulima. Kisha akaendelea kukataa.

Kisima hakijachimbwa bado. Ila nawaomba mafundi wanaotutengenezea mitandao: kitufe cha kubisha kiwekeni mbali kidogo, mahali ambapo hakifikiki bila kidole cha yule unayembishia.