Ngozi ya Nyati kwenye Gurudumu la Lori

Ponsiano alidhulumiwa, na sioni neno la upole zaidi linaloweza kuchukua nafasi ya hilo. Alinyang'anywa usukani mbele ya watu na kuitwa mlevi na mwajiri aliyemtumikia tangu siku lori lilipoletwa Ifakara, kwa sababu ya gurudumu ambalo hakulifunga yeye.

Ilikuwa masika ya mwaka 1957. Lori la Mzee Theodori, mnunuzi wa mpunga, lilishuka kwenye pantoni pale Kivukoni likielekea Lupiro. Ng'ambo ya mto maji ya mafuriko yalikuwa yamefunika barabara, na Ponsiano aliendesha taratibu akifuata fito zilizochomekwa kuonyesha kingo zake. Walipokwisha kutoka majini na kuanza kukwea mwinuko, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka, likatangulia peke yake kama lenye haraka ya kuwahi soko, na lori likalala ubavu. Rosa, muuza samaki aliyekuwa amepakia matenga yake nyuma, alivunjika mkono.

Asubuhi hiyo Ponsiano alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha pombe, kama walivyokunywa wanaume wote waliopakia mizigo, Mzee Theodori akiwa miongoni mwao. Kikombe cha Theodori hakikuhesabiwa.

Wakati wengine wakimhudumia Rosa, Ponsiano alipiga magoti matopeni akapapasa habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho huvikwa gurudumu. Alichokishika kilikuwa ukanda wa ngozi ya nyati, umelegea kama utumbo uliochemshwa.

Alijua umefikaje pale. Magurudumu ya kubadilisha hayakupatikana kwa urahisi, kwa hiyo yaling'olewa kwenye malori mabovu ya aina nyingine, na mara nyingi tundu lao la katikati lilikuwa kubwa kuliko habu. Mafundi wa bonde walikuwa na dawa yao. Walizungusha ukanda wa ngozi mbichi kwenye habu, wakaukunjia usoni mwake, wakavika gurudumu na kukaza nati. Ngozi ilipokauka iligeuka ngumu kama pembe, na kiangazi kizima lori lilikwenda bila tatizo. Aliyefunga gurudumu lile kwa ngozi alikuwa fundi Fransisko, kaka wa Eufrasia, mke wa Ponsiano.

"Nikisema ni ngozi, nitakuwa nimemtwisha shemeji mzigo," Ponsiano alimwambia mkewe.

Eufrasia hakuacha kupepeta mchele. "Usiposema, mzigo unaubeba wewe, na wanao kisimani wanaitwa watoto wa mlevi. Kaka yangu ana mabega mapana, baba. Mtwishe."

Hata hivyo Ponsiano alikaa kimya hadi mavuno. Aliwalimia wengine, akavusha watu kwa mtumbwi wa kuazima, na kila mara lori la Theodori lilipotajwa, aliinuka na kuondoka. Mwezi Juni akasikia kwamba gurudumu jingine limeletwa kutoka Morogoro, kwamba Fransisko amekwisha kulifunga, na kwamba dereva wa kukodi ataanza safari za Lupiro. Hapo ndipo ukimya ulipomshinda.

Alilikuta lori uani kwa Theodori, mbele likiwa limeinuliwa kwa jeki, Theodori na Fransisko wakiwa kando yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunywa?"

"Siku tukinywa tena, mzee, tutahesabu vikombe vyote."

Fransisko aliangua kicheko, kisha akakimeza alipouona uso wa Theodori. Ponsiano akamgeukia.

"Shemeji, hilo umelivalisha ngozi?"

"Nimelivalisha, na imekauka. Lizungushe uone."

Ponsiano alisimamisha kijiti chini karibu na ukingo wa gurudumu, akalizungusha. Lilikwenda sawasawa, bila kugusa kijiti hata mara moja.

"Umeridhika?" Fransisko aliuliza. "Au dada yangu amekufukuza nyumbani, unatafuta pa kushinda?"

"Ngoma yako ya mavuno ikinyeshewa, huwa unafanyaje?"

"Naikausha motoni. Ngozi ikilowa hulegea."

"Na hii?"

"Hii imebanwa na nati, shemeji. Ngoma haina nati."

"Basi tuiloweshe."

Theodori alitaka kukataa, lakini wapakiaji walikuwa wamekwisha kusogea na kuchekelea, na kukataa kungeonekana kama kuogopa. Gurudumu likamwagiwa maji ndoo kwa ndoo, likafunikwa magunia yaliyolowa, na watu wakaenda kula wali na kambale. Walipomaliza, wakaendelea kuzungumza hadi kivuli cha lori kikahamia upande wa pili.

Fransisko mwenyewe ndiye aliyefunua magunia. Alilizungusha gurudumu, nalo likapiga kijiti kikaanguka. Akakisimamisha tena, kikaanguka tena. Akalishika juu na chini, akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto. Alipoigusa nati kwa spana, iligeuka bila ugumu wowote.

Wapakiaji wakasogea karibu zaidi.

"Nililifunga hivihivi lile la masika," Fransisko alisema polepole, akimtazama Theodori badala ya shemeji yake. "Hakuwa amelewa, mzee. Ni mimi na ngozi yangu."

Maneno hayo yalitosha kumsafisha Ponsiano, na mtu mwingine angejiendea nyumbani. Yeye aliomba gurudumu livuliwe. Habu ikasuguliwa mpaka chuma kikang'aa, kisha akaipaka usoni masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo, aone gurudumu linaigusa wapi. Gurudumu likavikwa tupu, bila ngozi, likasukumwa kwa nguvu na kuvuliwa tena. Masizi yalikuwa yamelichafua upande mmoja tu, mfano wa mwezi mchanga.

"Limening'inia kwenye bolti," Ponsiano alisema. "Halijakaa kwenye habu. Hili si la lori hili."

"Mpunga unaningoja Lupiro!" Theodori alifoka. "Nilikalishe lori juu ya jeki kama kuku anayeatamia?"

"Rosa naye anangoja kuvuka, mzee. Amebakiwa na mkono mmoja mzima."

Theodori alizunguka lori lake lote. Aliporudi mbele, aliamuru gurudumu lirudishwe Morogoro.

Lililokuja baadaye liliingia kwenye habu kwa kusukumwa kwa viganja, likiwa limebana pande zote, na lilipovuliwa lilikuwa na duara zima la masizi. Fransisko alilitazama kwa muda mrefu, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Kisha akahakikisha kila nati inazama vizuri kwenye tundu lake, akazikaza kwa kupishanisha, hii na ile inayokabiliana nayo. Wakapakia magunia ya mpunga, wakaenda mpaka Kivukoni na kurudi, wakazikaza tena.

Theodori hakuomba radhi. Watu wa namna yake hudhani kwamba kumrudishia mtu alichonyang'anywa ni ukarimu. Aliwaambia tu wapakiaji, kwa sauti iliyosikika barabarani, "Lori lina dereva wake." Dereva wa kukodi akarudi kwao. Rosa, mkono wake ukiwa bado umefungwa, alipanda mbele karibu na usukani bila kuuliza nafasi hiyo ni ya nani, na Ponsiano akamfungia mlango.

Ponsiano alirudi kazini Jumatatu, tarehe 8 Julai 1957, na tangu siku hiyo Fransisko hakulifunga tena gurudumu lolote kwa ngozi.