Miaka Mitatu Chini ya Dirisha

Nitaisema mimi, maana mwenyewe hatasema. Na mkisikia nimekasirika, basi ni kweli nimekasirika, ila mpaka leo sijajua namkasirikia nani.

Mastura ni jirani yangu hapa Shela, Malindi. Ukuta wake ndio ukuta wangu. Mimi wananiita Bi Kheri, nauza mahamri na mbaazi barazani kwangu kila asubuhi, kwa hiyo mambo ya mtaa hunipitia mbele kabla hayajafika kwa wenyewe. Mastura ana miaka thelathini na minane. Mumewe, Amin, ni mpishi kwenye hoteli moja huko Kikambala. Huja mwisho wa mwezi kwa siku mbili, na moja katika hizo hulala. Wana mtoto mmoja tu, Shahida, binti wa miaka kumi na miwili, na Shahida ana usonji.

Neno hilo siku hizi twalijua. Zamani tulisema mtoto ana mashetani, na wa kwanza kusema nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyemshika mkono Mastura tukaenda kwa maalimu, mtoto akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya, siku saba, akatapika siku saba, akawa vilevile. Nilikosea. Baadaye Mastura alikwenda mwenyewe Kilifi, kwenye kituo cha kupimia watoto, wakamwambia hakuna kitu cha kutoa ndani ya mtoto, ndivyo alivyo, na atajifunza akifundishwa taratibu kwa njia yake.

Sasa tazameni maisha ya mwanamke huyu. Mlango wake una komeo mbili na kufuli, tangu siku ile Shahida, akiwa na miaka mitano, alipochoropoka na kukutwa soko la samaki, amekaa katikati ya mapanga na magamba, anapanga vibua kwa urefu. Ufunguo Mastura huuvaa shingoni, hata akioga. Mtoto hawezi kelele za ngoma, hawezi honi, hawezi watu kumgusagusa. Hula wali mweupe na mkate wa kumimina, na mkate ukiungua kidogo pembeni, siku imeharibika. Kwa hiyo Mastura hatoki. Na hapa kwetu mwanamke huwa mtu kwa kwenda. Unakwenda arusini, unakwenda matangani, unakwenda kumtazama mzazi na mwanawe. Usipokwenda, hakuna atakayekutukana. Wataacha tu kukuita. Mastura waliacha kumwita mwaka wa pili, na sasa ni wa saba.

Shule ilipopatikana, nilisema alhamdulillahi, mwanamke atapumua. Ni shule ya serikali tu hapa mjini, ina darasa moja la watoto kama hawa, na mwalimu wake ni Everlyne, binti wa Kigiriama, mpole wa sauti lakini hachezewi. Mwalimu mkuu alimpokea Shahida kwa sharti moja: mama akae karibu wiki ya kwanza. Wiki hiyo imekuwa miaka mitatu. Kila siku ya shule, saa mbili mpaka saa saba, Mastura alitandika mkeka chini ya dirisha la darasa, na buibui lake na nikabu yake, akashona kofia. Aliniambia Shahida akichungulia asione lile buibui jeusi, atapiga kichwa ukutani. Nilimwamini. Ningejuaje?

Na mtoto aliendelea, hilo silikatai. Mwalimu Everlyne alimtengenezea kitambaa chenye mifuko, ndani yake kadi za picha: kuimba, kuhesabu, uji, kucheza, nyumbani. Shahida akimaliza jambo huigeuza kadi yake, akajua linalofuata. Kabla ya kengele humwonya, naye huenda pembeni akaziba masikio kwa wakati wake. Mastura akashona kitambaa kama hicho akakitundika jikoni: kuoga, kuvaa, chai, viatu. Asubuhi nyumba ile ikawa haina vilio. Mtoto ambaye hakuwa na neno akawa na maneno thelathini, arubaini. Mimi jina langu kwake ni Mahamri.

Mwaka huu mwezi wa saba mama yao Mastura alifariki huko Mambrui. Alilala kitandani wiki tano, akiuguzwa na mdogo wake Mastura, Shukri, peke yake. Mastura hakwenda. Alikuja siku ya maziko, na mtoto mkononi, akakaa saa moja, Shahida akaanza kulia kwa ile sauti yake, wakaondoka. Watu walitazamana. Mimi niliwaambia, msimtazame vibaya, hamjui mzigo wake.

Arusi ya Shukri ilikuwa imepangwa mama yu hai, ikaachwa siku yake ileile, mwezi wa tisa. Jumapili ya wiki hiyo Shukri alipiga simu, na mimi nilikuwa nimeketi hapohapo, nasikia yote.

"Dada," alisema, "mama hukuja kumgeuza hata ubavu mmoja. Hilo nimekusamehe. Lakini Jumatano asubuhi ni hina yangu, na kwetu dada mkubwa ndiye anayemshika biarusi mkono akipakwa. Mama hayupo. Usipokuja wewe, mimi nitawaambia watu sina dada, na sitakuwa nimesema uongo."

"Na mtoto?" Mastura akauliza. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Alilia mpaka nikaona haya kumtazama. Ndipo nikapata wazo, na nililiona wazo la maana sana. Nikamwambia, "Si mtoto anatazama buibui? Nipe buibui lako na nikabu, nikae mimi. Weusi ni weusi. Wewe uende Mambrui, umshike mdogo wako mkono, urudi kabla ya saa saba." Akakataa. Nikamtukana kidogo, kwa mapenzi. Akakubali.

Shida ilikuwa mwili. Mastura ni mwembamba, mimi Mungu amenijalia. Tulitafuta buibui alilovaa akiwa na mimba, na hilo nalo lilinibana kwapani nikawa natembea mikono imeinuka. Mastura alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka mwaka mzima, na nilifurahi mno, nasema kweli.

Jumatano akampeleka mtoto kama kawaida, akaketi mkekani. Watoto walipoanza kuimba, mimi nikaingia, yeye akainuka akanivalisha nikabu yake, mimi nikaketi. Chini ya lile buibui jingine alikuwa amevaa gauni la kijani na leso mpya ya kumtunza biarusi. Akatoka langoni kwenda kutafuta tuktuk. Nikamsomea Ayatul Kursi mgongoni.

Nilikaa. Jua lile, nikabu ile, jasho likanitiririka, na mtu asinidanganye kwamba kukaa si kazi. Ukuta mbele, ukuta nyuma, watoto wanahesabu mpaka ishirini na kurudi moja. Baada ya saa moja tu nilitaka kupiga kelele. Nikafikiri, huyu amekaa hapa miaka mitatu, na sisi barazani tunasema anaringa.

Saa nne Shahida akatoka kunywa uji. Akanipita. Hakusimama, hakunigusa buibui, wala hakulia. Alikwenda mferejini, akakiosha kikombe chake, akakifuta kwa sketi, akarudi ndani. Nikajua nimegunduliwa na sasa ndani kutalipuka. Nikainuka kwa tabu zangu nikaingia darasani. Mtoto alikuwa ameketi, ametulia, anageuza kadi ya uji.

"Mwalimu," nikanong'ona, "amenijua?"

Mwalimu Everlyne akatabasamu. "Mama, amekujua kitambo. Alichungulia mara moja, akasema Mahamri, akaendelea na kazi."

"Na hakulia?"

"Kwa nini alie? Mamake nilimwambia tangu mwezi wa tano kwamba Shahida hamtafuti tena dirishani. Tulifanya taratibu, siku kadhaa mkeka tukausogeza mbali, nikamwekea kadi ya mama kwenye mfuko wa nyumbani, akaelewa. Nikamwambia, mama sasa uko huru, uwe unamleta na kumchukua. Akaniomba nimpe muda, na nisimwambie mtu. Nilidhani amekuachia wewe mkeka ili yeye aanze kuzoea kuondoka."

Furaha ilinipanda mpaka nikasahau kuuliza la maana. Nilitaka kumpigia Mastura nimwambie akae huko mpaka jioni, ale biriani, acheze, apumue. Simu yangu haikuwa na salio, nikatoka langoni kwenda dukani kwa Mutuku, ng'ambo ya barabara.

Mastura alikuwa hapo. Ameketi nyuma ya makreti ya soda, na lile gauni la kijani, buibui amelivua kaliweka kando, leso ya biarusi haijafunguliwa kwenye mfuko wake. Mutuku akanitazama kama mtu aombaye msamaha, akasema, "Yuko hapo tangu asubuhi, mama. Nimemwitia tuktuk mara mbili."

Hasira iliyonishika siwezi kuisema yote. Nikavuta nikabu ikakatika kamba. "Wewe, mimi nakaangwa kule ndani kwa ajili yako, na mdogo wako anakungoja! Mtoto hana habari na wewe! Mwalimu ameniambia, tangu mwezi wa tano!"

"Najua," akasema.

"Unajua, na umekaa?"

Simu ilikuwa mapajani pake. Ilianza kulia, jina la Shukri likaandikwa juu, ikalia mpaka ikachoka. Hakuigusa.

"Saa nne na nusu sasa," nikamwambia. "Mambrui si mbali. Inuka tuende mimi na wewe, na buibui langu hili la kunibana. Hina haijakauka."

"Nikifika wataniuliza mtoto nimemwacha na nani."

"Uwaambie yuko shule. Ametulia, amekunywa uji, ameosha na kikombe."

"Ndiyo, Bi Kheri. Na nikishawaambia hivyo, Shukri atahesabu. Ataniuliza ametulia tangu lini." Alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema peke yake mara nyingi. "Mwalimu aliniambia mwezi wa tano. Mama alianza kulala mwezi wa sita. Siku ile ya kwanza Shukri aliponiita, nilikuja hapahapa dukani, nikasimama, nikaona siwezi. Sikuwa nimeingia nyumba yenye watu miaka sita. Niliwaogopa. Nikasema mtoto hataki. Nikasema tena wiki ya pili. Wiki ya tano mama akafa, na mimi nilikuwa pale mkekani nashona kofia, na mtoto ndani anahesabu."

Nikaketi kwenye kreti jingine. Nilimwonea huruma, na nilitaka kumpiga kofi, yote mawili kwa pamoja, na ninasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mutuku akatupa soda, hakuna aliyeinywa. Tulikaa mpaka kengele ya saa saba.

Hapo Mastura akainuka. Akaniomba nikabu yake, nikampa, akaingia nyuma ya pazia la Mutuku, akalivaa buibui lake juu ya gauni la kijani, akaifunga nikabu kwa ile kamba iliyokatika. Akanishika mkono, mkono baridi na jua lote lile.

"Shukri atakupigia wewe," akasema. "Mimi sitaweza. Mwambie Shahida alilia. Mwambie alijipiga kichwa, ikabidi nirudi."

Akavuka barabara kumchukua mwanawe.

Shukri alinipigia alasiri, nyuma yake wanawake wanaimba. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia mtoto alilia, alijipiga kichwa, ikabidi mama arudi.