Lachavva na Mkunjo wa Tabaka la Tisa

Siku hizi, kwenye kiwanda chetu nje ya Hyderabad, mashine ndiyo inayozungusha uzi wa kaboni kwenye kombora, na kijana anaiangalia huku anakunywa chai. Hajui kitambaa. Chintakindi Lachavva alikijua.

Alizaliwa kwa wafumaji, akafuma sari za hariri mpaka nguo za viwandani zilipoua soko, na vitanda vya kufumia vikapasuliwa kuni. Akaja kwetu akiwa na miaka arobaini, mjane, anamlisha mama mkwe kipofu. Tulikuwa tunaunda kombora letu la kwanza la masafa ya kati. Wanaume sita walikuwa wameshindwa kutandaza kitambaa cheusi cha kaboni juu ya kalibu ya pua yake. Kila mmoja aliacha mikunjo. Pua yenye mkunjo hupasuka kwa joto kombora linaporudi kutoka juu angani. Lachavva alikilaza kwa viganja, tabaka juu ya tabaka, wala hapakuonekana kunyanzi.

Wiki sita kabla ya wakubwa wa Delhi kuja kulikagua kombora, gundi ya kushikanisha tabaka ililetwa ikiwa na unyevu. Tabaka la tisa likateleza. Ukatokea mkunjo mfupi kuliko kidole. Mhandisi Venugopal, kijana wa miaka thelathini, akainama kuutazama.

“Gundi itaufunika. Endelea, mama.”

“Itaufunika usiuone wewe. Moto utauona.”

“Nani mhandisi hapa?”

“Wewe, mwanangu. Ndiyo maana nakushangaa.”

Akachukua mkasi, akakata tabaka zote tisa, kutoka nchani mpaka chini. Kazi ya mwezi mzima.

Venugopal alinijia stoo, nilikokuwa karani. “Huyu hajui kuandika. Mwandikie barua ya kuomba radhi, aweke dole gumba leo hii. Asipoweka, hana kazi.”

Niliandika, tena kwa lugha nzuri. Nikamkuta anakula mkate wa mtama kwa pilipili ya kusaga.

“Nisomee, kaka.”

Nilipofika kwenye “nimekosa”, akaacha kutafuna.

“Nani kakosa?”

“Dada, ni maneno tu. Weka dole yaishe.”

“Chana hiyo. Andika: nimekata, na nikiona mkunjo mwingine nitakata tena.”

“Watakufukuza! Na mama mkwe je?”

“Yule akisikia nimesema uongo, hata huo mkate hataula. Andika. Au na wewe umekuwa mhandisi?”

Nikaandika. Akakandamiza dole gumba mpaka wino ukatokea upande wa pili wa karatasi. Kabla ya saa nane mchana alikuwa nje ya geti.

Wale wanaume sita wakarudishwa. Kwa siku kumi na moja walikivuruga kitambaa kama shuka la mgonjwa. Siku ya kumi na mbili dereva akatumwa kijijini kwa Lachavva, nami nikapanda.

“Mama, bwana Venugopal anakuita,” dereva akasema.

“Ana miguu?”

“Anayo.”

“Basi aje nayo. Aseme mbele ya majirani zangu kama mkunjo ule ulikuwa wa kukatwa. Akisema ndiyo, navaa ndala tunaondoka.”

Venugopal alikuja kesho yake. Ua ulijaa watu, wengine juu ya ukuta. Akasema ndiyo, kwa sauti ndogo.

“Sijasikia,” Lachavva akasema.

Venugopal akasema tena, mpaka wa juu ya ukuta wakasikia. Lachavva akavaa ndala.