Masuke Matupu ya Ngitili

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa Wilaya pale Misungwi hakunionyesha meza wala kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye ngitili, yaani eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza ili nyasi zikue, kisha hulifungua kiangazi, ng'ombe wakiwa hawana pengine pa kula. Alichuma suke la nyasi, akalipukuchua kiganjani, akapuliza.

"Umeona? Makapi yameruka, mbegu zimebaki. Zikibaki hivi, wafungue. Zisipobaki, usiruhusu."

"Hata wazee wakiomba, bosi?"

"Hasa wazee wakiomba."

Sababu yake ilikuwa rahisi. Nyasi za kudumu hujaza chakula kwenye mizizi, hutoa mbegu, ndipo hukauka. Ng'ombe wakizila kabla mbegu hazijapukutika, mizizi inachoka, na msimu unaofuata yanaota magugu. Nilikuwa binti mbishi, kanuni hiyo ikanikaa vizuri. Wafugaji wakanibatiza jina la Mama Bado, maana ndilo neno walilolisikia kwangu kila walipouliza.

Nilihamishiwa Kisesa, kwa bosi aliyejali majosho na chanjo kuliko nyasi. Nikakaa huko miaka mingi, kisha nikarudishwa Misungwi nikiwa msimamizi wa malisho. Nilikuta mambo yamebadilika. Mvua zilichelewa, zikaja kwa fujo siku chache na kuchukua udongo, halafu zikakatika nyasi zikiwa ndiyo kwanza zinatoa maua. Kwa mbali ungeona masuke yamesimama vizuri tu. Ukiyapukuchua, ndani hamna kitu.

Mwaka mmoja mbaya aliniita Mzee Ng'wandu, mlinzi wa ngitili ya kijiji na mwenye kundi kubwa kuliko wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Bado. Ng'ombe wangu wanaanguka. Tufungue."

Nilipukuchua suke, nikapuliza. Kiganja kikabaki kitupu.

"Bado, mzee."

"Mbegu zenyewe hazimo. Tunasubiri nini, mwanangu?"

Hilo sikuwa nimefundishwa. Niliogopa, nasema wazi, maana nikifungua nyasi zinakufa, na nisipofungua wanakufa ng'ombe. Mwishowe nilimshauri tuigawe ngitili kwa uzio wa miiba. Upande wa juu waingie ng'ombe, wa chini ufungwe mpaka nyasi zitakapozaa, hata ikichukua misimu miwili. Angeweza kukataa, na kijiji kingemfuata. Aliwatazama ng'ombe wake, kisha akanigeukia.

"Sawa. Atakayeingiza mifugo upande wa chini nitamtoza faini mimi mwenyewe."

Hakuna aliyeingiza, na yeye alikuwa wa kwanza kutii. Upande wa juu uliliwa ukabaki udongo. Ng'ombe wengi walikufa, wake zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na wengi. Mvua ziliporudi, huko juu yaliota magugu ya miiba na vinyasi vinavyokauka kabla ng'ombe hajashiba. Upande wa chini mizizi ilichipua upya.

Sasa nimestaafu, ninaishi Buzuruga. Vijana wa fani yetu wakija kunisalimia huniuliza kama ile njia ya kiganja bado inafaa. Nawaambia inafaa kujua kama mbegu zipo. Cha kufanya zisipokuwepo, watalazimika kukitafuta wenyewe, na mimi siwaonei wivu.

Mwaka huu nilikwenda Misungwi kumwona mzee. Wenzake waliobakiwa na mifugo wameshahamia mikoa ya kusini, na zizi lake limepandwa mahindi. Tulitembea taratibu hadi upande wa chini, nyasi zikitufika kifuani. Nilichuma suke, nikapukuchua, nikapuliza. Mbegu zilibaki, kavu na nzito, zimejaa kiganjani. Nilifurahi kama mtoto.

"Fungua, mzee!" nikasema, kabla hajaniuliza.

Alitabasamu kidogo.

"Nimfungulie nani, mwanangu?"

Nilifumba kiganja, nikapanda upande wa juu, nikazimwaga mbegu zile kwenye magugu.