Kidole Chini ya Taulo

Kucha za jirani yangu nilizilea mimi, wiki saba nzima, na asije mtu akaniambia hiyo si kazi. Nilifua nguo zake, nikaosha sufuria zake, nikapiga deki nyumba yake, ili yeye asitie mikono majini. Wanawake wa pale mferejini Kaloleni, Nairobi, walitucheka mpaka wakashika mbavu. Walimuuliza kama ameolewa mara ya pili, na kama huyu mume mpya anajua kupika pia.

Sababu ilikuwa mtihani wa serikali. Katikati ya miaka ya tisini, ukitaka kufungua saluni yako ndogo ya kucha na nywele bila kufukuzana na askari wa kanjo, ulihitaji leseni ya hao kanjo wenyewe, baraza la jiji. Na ili uandikiwe leseni, ilibidi uonyeshe cheti cha serikali, gredi ya tatu. Mtihani wenyewe ulikuwa wa mikono. Unaenda na vyombo vyako kwenye beseni, na unaenda na mtu wako, modo, mwenye kucha za kufanyiwa kazi. Sasa niambie, mitaa yote ya Eastlands ningempata wapi mwanamke mwenye kucha ndefu? Sisi wote tulikuwa tunaziacha kwenye nguo za watoto na masizi ya sufuria. Wachache waliokuwa nazo walijiona, hawakutaka kushikwashikwa na mwanafunzi.

Jirani yangu mlango wake ulitazamana na wangu. Yeye na mumewe walikuwa watu wa Ukambani. Mume alikuwa dereva wa lori, hakai nyumbani, naye mke alifuma vitambaa, vile vyeupe vya kutandika kwenye makochi. Nusu ya mtaa ilikalia kazi ya mikono yake. Alifuma akipiga domo, alifuma akingoja maji yachemke, hata kanisani alifuma, ameficha sindano chini ya Biblia. Uzi aliuzungusha kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na kidole hicho ndicho kilichoamua kitambaa kikaze au kilegee. Nakitaja mapema kwa sababu ndicho nilichomharibia.

Nilipomwomba awe modo wangu hakunipa sharti hata moja. Alisema tangu aolewe hajawahi kuwa na kucha, na angependa kuziona zinafananaje. Kazi ya kufuma haikuzidhuru. Ni maji tu yaliyozivunja, basi maji nikayachukua mimi. Kila Jumapili nilizipima kwa macho. Wiki ya tano alianza kunyoosha vidole akiongea, kama mke wa mkubwa, na tulicheka sana kwa hilo.

Siku moja kabla ya mtihani, mchana, alikuja mteja kibarazani kwangu. Mama wa watu, ukucha wa kidole gumba cha mguu umemwingia ndani ya nyama, umetunga usaha, hawezi hata kuvaa kiatu. Nilimhurumia. Nikamkata kwa mkasi wangu wa ngozi ya kucha, ule mdogo wenye mdomo mkali, na nilikuwa nao huo mmoja tu. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa ametuimbia kila siku, chombo kikimgusa mtu kichemshe kabla hakijamgusa mwingine. Nilijua. Nikauweka kando nikasema nitauchemsha asubuhi.

Asubuhi stovu ikazimika, maji hayajapata hata uvuguvugu. Mafuta ya taa yalikuwa yameisha. Mlango wa mkabala, hatua sita kutoka kwangu, stovu ya jirani ilikuwa inawaka. Harufu ya chai yake ilinifikia nikiwa nimeshika sufuria. Ningemgongea tu. Lakini ningemwambia nini? Kwamba mkasi utakaoingia kwenye mikono yake umetoka kwenye usaha wa mtu jana? Niliona aibu, basi, aibu ya kijinga ya mtu anayetaka aonekane fundi kabla hajawa fundi. Nikaufuta kwa pamba yenye spiriti, huku mara moja na huku mara moja, nikajiambia inatosha.

Tulitembea kwa miguu mpaka kituo cha mtihani, upande wa Industrial Area, yeye amevaa glavu za sufu asiguse vumbi. Ukumbini tulipangwa kwenye meza, kila mtu na modo wake na taulo nyeupe. Mtahini alikuwa mama mrefu asiyecheka. Kabla hatujaanza alitupa sheria. Ukimtoa modo damu, umeanguka papo hapo. Funga beseni lako, utarudi baada ya miezi sita. Halafu akapita meza kwa meza akiuliza kama vyombo vimechemshwa.

"Ndiyo, madam," nikamjibu, macho makavu.

Jirani yangu alitabasamu, kama mzazi anayesikia mtoto wake akijibu vizuri darasani.

Mkono wa kulia ulikwenda salama. Nilikuwa kwenye wa kushoto, kwenye kidole chenyewe, mtahini aliposimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi zake, mkono wangu ukacheza, na mkasi ukaingia kwenye nyama pembeni mwa ukucha. Acha niseme wazi, maana nimelizungukazunguka jambo hili miaka mingi. Niliiona. Damu ilichomoza, tone moja, likakaa pale. Jirani yangu hakushtuka wala hakuvuta mkono. Alinitazama usoni, akanitazama kitambo, kisha akakikunja kile kidole akakiingiza chini ya taulo, kana kwamba anapangusa jasho. Nami nikajitia hamnazo. Nikainamia kidole cha kati nikaendelea.

Mtahini akasogea meza nyingine. Ilipofika zamu ya rangi nilikuwa na chupa tatu kwenye beseni, moja ya waridi, moja isiyo na rangi, na moja nyekundu. Nilichukua nyekundu.

Nilipita. Wakati wa kurudi yeye ndiye aliyebeba beseni, anaimba wimbo wa kwaya yao, kitambaa cha mkononi amekifunga kwenye kidole. Sikumuuliza kitambaa ni cha nini. Hakuniambia.

Baada ya siku nne kidole kikavimba. Aliwaambia watu sindano ya kufumia imemdunga. Aliniambia hata mimi hivyo hivyo, anaangalia uzi, nami nikamwambia pole, ajikaze kisabuni, atapona. Alikanda kwa maji ya chumvi. Kliniki ya kanjo wakampasua kidogo wakamfunga. Wiki ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, akapelekwa hospitali kubwa, na huko wakasema mfupa umeshaoza. Walikikata kidole kwenye kiungo cha kati. Nilimsindikiza mimi. Nilimshikia mkoba wake nje ya chumba, na ndani ya mkoba kulikuwa na kitambaa ambacho hakijaisha, sindano imechomekwa.

Nilipaswa kusema siku hiyo. Nilipaswa kusema siku nyingi. Badala yake nilirudi kumfulia, safari hii bila mtu wa kunicheka. Wale wale wa mferejini wakaanza kunisifu, eti jirani kama mimi hapatikani Nairobi nzima. Kanisani mzee mmoja aliniombea baraka kwa moyo wangu wa huruma, mbele ya watu wote, nikaitikia amina.

Alijaribu kufuma kwa kidole cha kati. Uzi ulimponyoka, na vitambaa vikatoka vimelegea, ukingo unacheza kama wimbi. Wateja hawakumtukana. Walichukua, wakashukuru, hawakurudi. Mwishowe akaanza kwenda Buruburu kufulia watu nguo, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mikono niliyoikataza maji wiki saba sasa ilishinda majini kutwa.

Mimi nikafungua saluni, chumba kimoja karibu na soko, cheti nimekitia fremu juu ya kioo. Nilichemsha vyombo mpaka wateja wakanitania kwamba napika mikasi kama maharagwe. Acha watanie. Kila Januari leseni ilifanywa upya, na kabla kanjo hawajaandika ilibidi bwana afya aje mwenyewe akague, afungue droo, anuse taulo, atazame sufuria. Na kila Januari jirani yangu naye alikuja, siku za mwanzo wa mwezi ambapo hakuna wateja, watu wamemaliza kila kitu Krismasi. Nilimtengeneza kucha bure. Alikaa, akanyoosha mikono, akanitania kwamba kwake kazi imepungua, kwa hiyo nisimkawize. Nilicheka naye. Nafsi ilinisuta na bado nilicheka.

Mwaka mmoja, miaka ya tisini ikiwa inaelekea kuisha, siku zao ziligongana. Nilikuwa nimemaliza kupaka kucha mbili za mkono wake wa kulia bwana afya alipobisha hodi. Kijana safi, ana faili kwapani. Alikagua droo, akafunua sufuria iliyokuwa inachemka, akaridhika. Karatasi ilikuwa imebaki sahihi tu. Ndipo akamgeukia mteja wangu, kwa heshima, akamuuliza kama huyu mama wa saluni amewahi kumkata au kumletea ugonjwa wowote.

Jirani yangu alinigeukia mimi. Alinitazama. Chumba kilikuwa kidogo, sisi watatu tu, naye hakuniondolea macho mpaka bwana afya akainua kichwa kutoka kwenye faili. Nilikuwa nimeshika brashi. Ulimi nilikuwa nao, mzima kabisa. Nikatazama brashi.

Basi akaukunja mkono wa kushoto, akauingiza chini ya taulo.

"Huyu?" akasema. "Miaka yote hii, hata tone la damu sijawahi kuliona."

Bwana afya akatia sahihi, akatutakia mwaka mwema, akaenda zake. Nilijaribu kupaka kucha ya tatu, rangi ikaenda kwenye ngozi. Nikaweka brashi chini.

"Jirani, kwa nini umemwambia hivyo?"

"Nilikungoja useme wewe kwanza," akasema. "Hata siku ile ya mtihani nilikungoja."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Nililia, na sitadanganya, machozi mengi yalikuwa ya nafuu. Alijua! Miaka yote alijua kwamba niliona, na bado aliniletea mikono yake kila Januari. Nilidhani mlango umefunguka, basi nitoe kila kitu niwe mwepisi. Nikamweleza yule mama wa kidole cha mguu. Nikamweleza usaha, na stovu iliyozimika, na pamba yenye spiriti, na jinsi nilivyomwambia mtahini ndiyo, madam. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika, na nilipomaliza nilimwomba msamaha.

Sufuria ilikuwa inachemka nyuma yangu.

"La damu nililijua," akasema. "Hilo la mkasi sikulijua."

Akautoa mkono chini ya taulo, akautazama upande huu na upande huu, kile kidole kifupi na vile vinne vizima, kama mtu aliyepewa mkono huo leo.

"Stovu yangu ilikuwa inawaka asubuhi ile?"

"Ilikuwa inawaka."

Alitikisa kichwa kidogo. Alilikunja taulo vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka kwenye kiti, akatoka na kucha zake mbili za rangi.

Leseni ilitoka Ijumaa ya wiki hiyo, nikaitundika kando ya cheti. Tulibaki majirani, milango ikitazamana, na salamu hakuninyima hata siku moja. Januari iliyofuata nilichemsha mkasi mapema, nikatandika taulo, nikangoja. Aliyekuja ni bwana afya.